Shingo ya Urbanus mikononi mwa kinyozi

Jackline uko wapi?

Si unajua ile ganzi ya vidole vya mume wangu? Leo daktari katuonyesha picha. Kano zinazoshika pingili za shingo yake zinageuka mfupa, zinabana uti wa mgongo. Anasema zikivutwa sana, mfupa unazidi kuota. Na Urbanus kabeba magunia kichwani miaka yote kule Msowero!

Daktari akamwambia, "Baba, usibebe tena, na shingo asiiguse mtu. Mshtuko mmoja tu, unapooza."

Tumerudi Magomeni, mimi nikaingia duka la dawa. Yeye akasema anapita kunyoa ndevu.

KUNYOA, Jackline! Kwa Abeli! Yule anayemaliza kila mteja kwa kumvunja shingo, anaizungusha ghafla mpaka ilie!

Nimekimbia, dawa nimeziacha kaunta. Nimemkuta Abeli kamshika kidevu. Nimepiga yowe, saluni nzima ikanigeukia.

Abeli anacheka: "Shemeji, upande mmoja tayari. Bado huu."

Upande mmoja tayari!

Urbanus ananishangaa, "Si ni kunyoa tu?" Kasimama kufunga kifungo cha shati. Anajaribu, anajaribu, hakifungi.

Asubuhi alikifunga mwenyewe.