Vidonge vya Mkasi wa Zigizaga

Joubert Park, 4 Machi 2025

Dada Vestine,

Bujumbura mko salama? Mguu wa baba umepoa? Mimi cherehani inazunguka, ila moyo hautulii.

Tangu uondoke kumzika mama yako, foleni yetu ya kliniki ya damu haina utamu. Sina wa kugawana naye mkate. Wameleta mashine mpya. Nesi Arlène kanieleza: damu inagawanywa matone elfu ishirini, kila tone linapimwa peke yake, saratani haina pa kujificha. Mashine ya zamani ilisema sina kitu. Hii imeona matone matatu yenye ugonjwa. Eish, dada, sijala vizuri tangu Ijumaa.

Vidonge vyako anavyo Gaston wa basi la Bujumbura. Usiwaze, hospitali inanipa vya ziada.

Mdogo wako wa foleni,
Placide

Bujumbura, 2 Aprili 2025

Placide mdogo wangu,

Hapa tunapumua. Baba anachechemea, anakusalimu ingawa hakujui. Vidonge nimepata, afadhali, maana huku nimezunguka maduka yote ya dawa, sijaona hata kimoja.

Ila usinizungushe. Kila karatasi ya vidonge imekatwa katikati, kingo za zigizaga. Huo mkasi wako wa vitambaa naujua. Hospitali gani inakata dawa kwa mkasi wa fundi? Nusu nyingine iko wapi? Naogopa.

Dada yako,
Vestine

Joubert Park, 18 Juni 2025

Dada,

Mzima wewe? Matone sasa ni sitini. Arlène kaniuliza mbele ya watu kama nameza kila siku, nikaapa ndiyo. Wanadhani ugonjwa umezoea dawa, wanataka kunibadilishia. Wakibadilisha, wewe utameza nini?

Hakuna vya ziada. Nagawa vyangu: leo changu, kesho chako. Kwetu mtu hatafuni peke yake mwenzake akitazama. Nilidhani damu haitajua. Naogopa kufa, dada, na naogopa kukuacha mikono mitupu.

Placide wako

Bujumbura, 9 Julai 2025

Placide,

Salamu baadaye. Gaston anakuletea vidonge vyote. Tangu Aprili sijameza hata kimoja; nilijua unanikatia vyako, nikangoja useme mwenyewe. Nilikosea kungoja, nisamehe. Meza kila siku. Mwambie Arlène ukweli, aibu haiui. Mimi nimejiandikisha hospitali ya huku, wanasema dawa itafika. Usitume tena.

Dada yako,
Vestine

Joubert Park, 30 Septemba 2025

Dada Vestine,

Baba hajambo? Wewe je? Hii ni barua ya tatu bila jibu.

Arlène nilimwambia. Hakunigombeza, dawa hawakubadilisha. Jana mashine imeona matone tisa tu, akanipigia makofi. Nilitoka nikasimama kwenye robot ya kuvukia barabara, taa ikawaka kijani mara tatu sijavuka.

Gaston amepita kwako mara mbili. Mlango una kufuli, baba yuko kwa jirani. Nilimkataza kuuliza zaidi, naogopa jibu.

Vidonge ulivyorudisha nilivitanguliza, vimekwisha leo asubuhi; kesho naanza vya hospitali. Cha mwisho nilikishika muda mrefu, kisha nikameza, maana ndivyo ulivyosema. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Placide