Mavi ya Fisi Nimekuwekea Kivulini

Nekesa mwanangu,

Umekula? Najua unacheka, barua si simu, lakini mimi huanza hapo.

Leo nimemkumbuka Popi, yule mbwa wetu tulipokuwa bado tunaishi Mabanga. Baba yako, akiwa bado nasi, alichinja kondoo, tukakuta mapafu yana mavimbe ya maji. Nikamrushia Popi hayo mapafu, kama kila mtu hufanya. Wewe na yunifomu yako ya shule ukapigana naye mpaka ukamnyang'anya.

"Mama, usimpe! Ndani ya hiyo maji kuko na watoto wa minyoo. Popi akikula watakomaa ndani yake, halafu atatunyia mayai yao kwa mboga zetu za sukuma."

Baba yako akasema, "Ati mayai? Basi tuuze."

Ulikasirika! Ukachimba shimo, ukayazika. Tangu siku hiyo mimi huzika, hata huku Kitale ambapo watu hunicheka.

Sasa uko mbali huko Mara, unafuata fisi na simba uokote mavi yao upime minyoo. Unavaa glavu? Si unanawa na sabuni? Ulipokuja mara ya mwisho uliniambia fisi anaweza kubeba minyoo tele tumboni na bado anakimbia vizuri tu. Nikafikiria, hata fisi ako na wapangaji. Mimi bado nasonga ugali wa watu watatu, mwingine unaenda kwa kuku.

Juzi fisi alishuka kutoka msituni, akala kondoo wa jirani, Mama Simiyu. Asubuhi nikaona mavi yake karibu na ua wangu, meupe kabisa, vile ulisema huwa kwa sababu anatafuna mifupa. Nikajifunga leso puani, nikayasukuma na kijiti ndani ya mkebe wa mafuta, nikafunika.

Mama Simiyu akanikuta. "Mama Nekesa! Amekula kondoo wangu, na wewe unamwokotea mavi?"

"Ni ya kazi ya msichana wangu. Anakuja kuyachukua."

Nikasikia mdomo umeshasema, na sijakuuliza.

Krismasi iliyopita kazi ilikubana, na ile ya kabla yake. Sikulaumu, mama. Lakini sasa hata hapa nyumbani kuna kazi yako. Mkebe uko chini ya kitanda chako, jua haifiki. Sijui mavi hukaa muda gani kabla hayajaharibika. Kama yameshaharibika, usiniambie kwa simu. Kuja uyaangalie mwenyewe.

Ni mimi,
mama yako.