Pete Iliyozama Kwenye Rubisi

Mama Zawadi,

Singida mnaendeleaje? Huku Izimbya mvua hainyamazi, na mgongo umeniishia kwa kupalilia migomba ya watu.

Juzi mwenye shamba, mzee Ta Kato, alituita tukamue ndizi mbivu za pombe yao, rubisi, ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Pete yangu ya ndoa ikachomoka, ikazama. Nikaomba tumwage.

“Tulia, waitu, ndugu yetu,” akasema. “Dhahabu hailiwi, wala hailimi. Wafalme waliuana kwa ajili yake kwa sababu haiozi wala haishiki kutu. Itakungoja humo.”

“Na kama si dhahabu?”

“Basi tutakunywa ndoa yako.”

Pombe ilipoiva, pete ikatoka nyeusi kama masizi. Wazee walicheka mpaka wakamwaga vikombe.

Mke wangu, nilijua. Muuzaji aliniambia ni shaba. Nilikwambia dhahabu kwa sababu mama yako alikuwa ananikodolea macho. Yako na yangu zilitoka meza moja. Ukiivua, sitalalamika. Mimi yangu nimeirudisha kidoleni hivyo hivyo, nyeusi.

Mbusu Zawadi.

Baba Zawadi