Jodari wa Maulidi

Malindi,
16 Desemba, 1985

Kwa dada yangu mpenzi Kuluthumu,
Kilifi.

Shikamoo dada. Natumaini waraka huu utakukuta salama wewe na wanao, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Mama Mueni, jirani yangu, anakusalimu sana na asema dawa ya mgongo ni kulala chini bila godoro, japo yeye mwenyewe ana magodoro mawili. Mimi mwili hauna neno. Meno yangu yote ningali nayo na tumbo liko mbele yangu kama kawaida. Joto la hapa mwezi huu ni la kukaangia mayai juu ya bati, na watalii wanalipa nauli ya ndege kuja kuunguzwa nalo.

Barua yako ya tarehe nane imenifikia. Nimeisoma mara nne, nikidhani labda nimeruka mstari. Sikuruka. Umeniuliza neno moja tu, kama ni kweli nimewalisha watu mvinyo siku ya Maulidi. Dada uliyenifunga vifungo vya kanzu nikienda chuoni, ukanifundisha kumenya vitunguu bila kulia, ndiye unayeniuliza hivyo. Jibu ni la. Sasa epua sufuria ukae chini, maana habari yenyewe ni ndefu na sitaki wali ukuungulie kwa ajili yangu.

Wewe wanijua, mimi si mtu wa kujisifu. Lakini kutoka Ngomeni hadi Watamu hakuna mwanamume anayeshika mwiko mbele yangu. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha. Haidhuru, kwani miaka tisa katika jiko la hoteli ya Wazungu imenipa elimu ambayo walimu wetu hawakuwa nayo. Mpishi wetu mkuu ni Mjerumani asiyejua Kiswahili ila cha kugombana, lakini katika magombano yake nimeokota mengi. Najua kwa nini tui hukatika ukilifunika likiwa linachemka. Najua ndimu humfanya samaki awe mweupe kama aliyepikwa, na bado ni mbichi vilevile. Najua nyama ya moto haifunikwi ikawekwa kando sufuria nzima, maana juu hupoa na katikati hubaki vuguvugu siku nzima, na hilo vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda kama sisi tunavyopenda kivuli.

Kwa hiyo kamati ya Maulidi ya Mambrui iliponijia, na mwenyekiti wake ni baba mkwe wangu, walitaka pilau ya mbuzi kama miaka yote. Mimi nikacheka. Nikawaambia mbuzi hata paka wa Mambrui wamemchoka, mwaka huu watakula biriani ya jodari ambayo mawaziri huipigia simu. Baba mkwe akauliza kama samaki wa watu mia mbili ataweza kukaa katika joto hili. Nikamwambia aniachie mimi, hiyo ni sayansi. Mzee wa watu akawageukia wenzake akasema kijana huyu ni mkwe wangu, dhamana yake ni yangu. Maneno hayo, dada, ndiyo yanayonila mpaka leo.

Samaki nilimwagiza Jaafar. Nani mwingine? Ni mumeo, ni shemeji yangu, tena kazi yake ndiyo hiyo. Akaniahidi jodari wakubwa kutoka Takaungu, akaniambia nisitie shaka, barafu atajaza pikapu mpaka samaki waombe blanketi. Alifika Mambrui alfajiri ya siku yenyewe. Nilipandisha turubai nikaweka mkono, samaki baridi kama jiwe la kisima, macho yanang'aa. Nikamuuliza swali ambalo mpishi yeyote mwenye akili huuliza, kama tangu kutoka majini wamelala barafuni bila kukatika. Akaapa. Akanipiga bega akasema Mahadhi umekuwa Mzungu siku hizi, wamuuliza samaki cheti cha kuzaliwa.

Nikapika. Nisikufiche, harufu ya biriani ile iliwatoa watu msikitini kabla ya dua kwisha. Waliosema mbuzi hana mpinzani waliomba sahani ya pili. Haikupita nusu saa, nikaona mzee mmoja uso umemwiva kama aliyekaa tanurini. Mara wa pili, mara wa kumi. Wengine wanajikuna, wengine wanashika vichwa, moyo unawapiga kama ngoma, wengine wanatapika ukutani. Zaidi ya watu arobaini, nyuso nyekundu, macho mekundu, wanayumba. Nawe wajua watu wanaoyumba na kuiva macho huitwaje. Kuna aliyesema kwa sauti, hawa wamelewa.

Alhamdulillahi hakufa mtu. Walipakiwa magarini wakapelekwa hospitali ya Malindi, nami nikafuatana nao, wakapewa vidonge vya mwasho na maji mengi, na kufikia magharibi wengi walikuwa wamerudi kwao wakiulizia chai. Daktari kijana, jina lake Ochola, alinivuta kando akaniuliza walikula samaki gani. Nilipomwambia jodari akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba jodari akikaa juani saa chache, vijidudu huigeuza nyama yake ikatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mimi nikamwambia daktari, nilimchemsha mpaka mifupa ikalainika. Akanijibu kuchemsha kunaua vijidudu, ila sumu waliyokwisha kuiacha haiuawi na moto wala hairudishwi na barafu. Ni kama wageni wachafu, dada. Unawafukuza nyumbani, lakini walichokifanya juu ya mkeka hakiondoki nao.

Nikarudi Mambrui na elimu hiyo mfukoni. Kabla sijafika uwanjani Jaafar akanidaka nyuma ya ua. Akaniambia watu wameanza kuulizia samaki, na wakijua ni wake, hakuna mtu pwani hii atakayenunua kwake hata dagaa. Akanikumbusha watoto wako, mmoja mmoja kwa jina. Akaniomba niseme nimewanunua mwenyewe asubuhi hiyo mikononi mwa wavuvi, basi, na mambo yakipoa yeye mwenyewe atakwenda kwa baba mkwe kusema kweli. Nami, dada, nikiwafikiria hao wanao, nikakubali. Nikasimama mbele ya kamati nikasema samaki nimewanunua mimi, freshi, mkia ukipiga. Hivyo ndivyo nilivyoapa.

Ngoja sasa usikie shukrani yake. Katika kapu langu la viungo mlikuwa na chupa ya siki. Hiyo siki naichukua hotelini katika chupa tupu za mvinyo, kwa kuwa chupa za kule ni nzuri na zina vizibo. Jaafar aijua. Asubuhi ileile aliichukua akainusa, akakunja uso akasema siki hii yaweza kumwamsha maiti. Kumbe nilipokuwa hospitalini, akaitoa chupa ile kapuni, akaishika juu watu wakaona karatasi yake yenye picha ya zabibu, akawaambia waulizeni watu wa hoteli wanapikia nini. Siki yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia chunguni, ya kunusa haikubaki. Mimi sikuwa na habari ni nani. Niliambiwa tu chupa imeonekana.

Nilipomweleza baba mkwe maneno ya daktari, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, bila ukali, na afadhali angenipiga. Aliuliza, wewe hukutuambia samaki wametoka majini asubuhi hiyo hiyo? Basi hilo jua liliwaona saa ngapi? Mimi, Mahadhi, ninayewanyamazisha Wazungu kwa Kijerumani cha jikoni, nikabaki kama mwiko ukutani. Akasema samaki mbovu angemsamehe, ni bahati mbaya. Lakini kumtilia Mwislamu mvinyo katika chakula cha Maulidi, kisha kusimama kusema uongo, hilo si la jikoni tena.

Siku ya tatu akaja kumchukua Mwanasiti. Mke wangu alilia, akaniambia sema neno moja tu nikae. Neno lenyewe lilikuwa jina la mumeo, nikalimeza. Aliondoka na kasha lake na ile mbuzi ya kukunia nazi. Nikajua harudi karibuni, mwanamke haendi na mbuzi yake kwa matembezi. Sasa baba yake ametuma watu, anataka talaka iandikwe Ijumaa hii baada ya swala.

Muda wote huo nikimngoja Jaafar. Nikijiambia labda ana homa, labda gari limeharibika. Mpaka Jumamosi iliyopita, nikiwa sokoni, akanisalimu mama mmoja, Jedida, anayeuza sharubati ya ukwaju upande wa Mnarani wanapongoja feri. Huja Malindi kununua ukwaju, twajuana. Kwa furaha zake akaniambia nimfikishie shemeji yangu asante. Siku ile kabla ya Maulidi lori la mbao lilikwama kwenye mteremko wa feri, foleni ikalala juani tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, watu wakakauka koo, na yeye barafu imemwishia. Jaafar akamuuzia yake yote, mapande kwa mapande, hata chenga. Nikamuuliza na samaki je? Akacheka akasema walikuwa chini ya turubai, wakiota jua kama watalii.

Kwa hiyo barafu niliyoishika alfajiri ilikuwa mpya, ya Malindi, ya kunifumba macho. Jedida huyohuyo ndiye aliyeniambia kwamba habari ya chupa imezagaa mpaka feri, na kwamba mwenye kuihadithia ni Jaafar mwenyewe, kwa mbwembwe, akionyesha na jinsi alivyoiinua. Nikarudi nyumbani nikaikuta barua yako mlangoni. Sikuhitaji kuuliza nani amekuambia.

Dada, adui angenifanyia hivi ningecheka. Huyu nilimpa uso wangu ajifiche nyuma yake, naye akauuza pamoja na barafu. Na wewe ukanunua. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, nakuambia kweli.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mwanasiti. Nakuandikia wewe kwa kuwa nimekulaumu sana katika karatasi hizi na si haki nibaki msafi peke yangu. Siku ile, mchuzi ulipokuwa tayari, niliuonja kama ada. Ulimi ulinichoma. Si mchomo wa pilipili, nami pilipili naijua. Ulikuwa kama sindano ndogo ndogo, na midomo ikafa ganzi kidogo. Yule Mjerumani aliwahi kunigombeza miaka ya nyuma kwamba jodari akikuchoma ulimi, mwaga. Nilikumbuka, dada. Nilisimama na mwiko mkononi nikakumbuka. Nikatazama uwanja, nikawaona watu mia mbili, nikamwona baba mkwe amekaa mbele na kanzu ya pasi, nikafikiria jinsi watakavyonicheka nikitoka kusema biriani imemwagwa, nendeni mkatafute mbuzi. Nikajiambia ni pilipili. Nikaongeza ndimu. Nikapakua.

Hayo ndiyo yangu. Mvinyo sikutia, ila sumu niliijua kwa ulimi wangu nikawapelekea watu kwa sinia.

Nimekata shauri. Ijumaa nitakwenda Mambrui kabla ya swala, nitasimama mbele ya kamati ileile, nitasema kwamba nilidanganya kuhusu samaki, na nitasema habari ya ulimi wangu. Hakuna mtu atakayenipa tena mwiko wa shughuli pwani hii, na wana haki. Hilo nimelikubali. Mwanasiti akitaka kurudi kwa mpishi wa vyakula vya Wazungu tu, mlango uko wazi; asipotaka, ataniacha kwa kosa nililolifanya. Kwa mvinyo sikubali kuachwa.

La barafu sitaki kulisema mimi. Namwachia Jaafar aje alitamke kwa mdomo wake, nikae kando yake, na wakimtukana watutukane wote wawili. Nitamngoja mlango wa msikiti. Wakisimama kwenda kutia udhu naye hajaonekana, nitalisema, na watoto wako watakula tabu kwa ajili ya neno langu. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza wala si yeye. Nakuomba radhi kabla sijakukosea.

Nisalimie wanao wote, mkubwa kwa mdogo, uwaambie mjomba anawapenda na mambo ya wakubwa yasiwahusu. Wasalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wamebaki. Posta sikuiamini kwa siku nne hizi, kwa hiyo barua nimeituma kwa mkono. Mama aliyesimama mlangoni kwako sasa hivi, mwenye kapu la ukwaju, ndiye Jedida. Mpe kiti, na usimwache aende kabla hujamuuliza.

Wasalaam,
ndugu yako wa tumbo moja,
Mahadhi