Mshono Mmoja kwenye Bampa la Daktari

Mpendwa Shangazi mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu katikati kuna kosa langu, lakini pia nina furaha isiyoisha, na ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa mzima unamwita Mama Cheche, na karakana yetu iko uani, hatua sita kutoka mlango wa jikoni. Mwezi uliopita alikuja daktari wa meno aliyestaafu pamoja na mkewe, wamegeuza lori lao dogo kuwa nyumba, lina kitanda, jiko na tangi la maji, nao wanataka kusafiri nalo mwaka mzima kwenye njia mbovu na kulala porini, ila bampa la nyuma lilikuwa la bati jepesi, wakaomba jipya la chuma lenye mkono wa kubebea tairi la akiba, unaofunguka kama mlango. Mama alitengeneza kwanza mfano wa boksi, akaupachika nyuma ya lori, akautazama kwa mbali, akaukata upya, mara tatu, maana husema boksi halilalamiki ukilikosea, chuma hulalamika.

Sasa kosa langu. Mama amenikataza kugusa mashine ya kuchomelea mpaka nimalize shule. “Macho yako ni ya vitabu,” husema, “ya moto niachie mimi.” Lakini kwa miezi mitano, kila anapokwenda kununua vyuma, nimekuwa nikijifunza kwenye vipande vilivyotupwa. Jumanne moja mama mdogo alishikwa na uchungu wa kujifungua, mama akakimbia naye hospitali, bampa akaliacha juu ya meza likiwa limebaki mshono mmoja tu, ule unaoshika bawaba ya mkono wa tairi, ameushikiza kwa nukta nne tu za moto, na Daktari alikuwa aje kesho yake. Nikavaa kinyago cha mama cha kukinga macho, nikachoma. Nilipogonga magamba yaliyoganda juu yake yakadondoka, mshono ulikuwa umelala kama mkufu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Asubuhi mama akarudi. “Tumepata mtoto wa kike, ana sauti ya honi!” Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini akalitazama bampa, akasema, “Kumbe nilimaliza! Uchovu huu, jamani.” Basi nikajifanya napanga vyuma. Akaupiga ule mshono nyundo tatu, akauegemezea jeki kwa nguvu zote, ingawa sijawahi kumwona akiujaribu mshono wake hivyo, kisha akaniambia nilainishe mishono yote kwa grinda ya kusagia chuma. “Isipokuwa huo. Huo uache.”

Daktari alikuja na kile kioo chake kidogo cha kuchungulia meno, akalala chini ya bampa.

“Mama Cheche, huu wa bawaba ulichomwa na mtu mwenye raha!”

“Siku ile palikuwa na raha hapa nyumbani, Daktari,” mama akajibu.

“Mzee, inuka,” mkewe akasema. “Hilo ni bampa, si gego.”

Tulicheka wote, nami nilikaribia kupaa. Tangu hapo kila mteja akija mama humwonyesha ule mshono. Juzi hata alirudi na glavu mpya za ngozi, zikambana, akasema amekosea saizi, niziweke tu kabatini.

Lori linaondoka mwisho wa mwezi. Nikinyamaza na mshono ukaachia njiani, wazee wale wataumia na jina la mama litachafuka. Nikisema, atafunga karakana nisiingie tena, nami natamani sana kuwa mhandisi. Nifanyeje?

Wako,
Binti wa Karakana

Marahaba, Binti wa Karakana.

Nimesoma mpaka mwisho, na nimekasirika palepale ulipoogopa. Umewasha mashine ile peke yako, nyumbani hakuna mtu mzima! Waya ungekuwa umechubuka, nani angekuokota? Mama yako angerudi na habari za mtoto mmoja kuzaliwa, akute mwingine amelala sakafuni. Uzuri wa mshono haufuti hilo. Usirudie.

Tena ukanyamaza. Tairi lile ni zito, na kazi ile imebeba jina la mama yako. Fundi ana haki ya kujua ni mkono gani umepita kwenye kazi yake.

Haya, nimemaliza kugomba. Sasa niambie, wewe msomi, mbona umeshindwa kusoma kilichokuwa mbele ya macho yako? Fundi wa miaka yote hiyo hasahau mshono aliouacha wazi. Kwa zile nyundo tatu na ile jeki alikuwa anasahihisha, kama mwalimu na daftari. Aliposema “huo uache,” alikuwa ameweka alama ya vema. Na Daktari alipousifu, je, mama alisema ameuchoma yeye? Rudia barua yako mwenyewe.

Anajua, mwanangu. Anasubiri mdomo wako.

Basi leo, akikaa kunywa chai, usianze na maksi za shule wala usimzungushe. Sema: “Mama, mshono wa bawaba niliuchoma mimi, na nimekosa.” Kisha tulia, mwache aseme yote hata chai ikipoa. Akimaliza, mwombe auangalie tena mbele yako kabla lori halijaondoka, akuonyeshe pale ulipokosea, maana hakuna mshono usio na kasoro. Halafu mwombe akufundishe, yeye akiwa amesimama kando yako, na kazi za shule zikiwa zimekwisha. Na ufanye haraka, maana akilisoma gazeti hili kabla yako, mimi simo.

Nikusaidie na moja la mwisho. Mwanamke anayekata boksi mara tatu kabla hajagusa chuma, anakosea vipi saizi ya mkono wake mwenyewe? Fungua kabati, uende umevaa zile glavu.