Mdhamini Mwenye Masikio

Tiki mbili za buluu kwenye ujumbe wangu tangu asubuhi, na bado hujibu! Kama mwaka ule walipomfunga jirani yetu mshona mikoba, nawe hukusema neno. Sisahau mimi.

Haya, nicheke. Nimejiaibisha mahakamani.

Ile kesi ya fundi viatu, ya wizi wa betri ya gari. Miaka tisa napiga kelele kwamba mtu kama yule aitumikie jamii, asifungwe. Leo nikakaa benchi la mbele kama mdhamini wake, nakariri hotuba yangu kwenye karatasi. Nikakariri mpaka hukumu ikanipita.

Nikasimama. "Mheshimiwa, nyie hamjui dawa nyingine ila jela!"

Mke wa fundi akanivuta shati: "Shemeji, kaa chini. Tumeshinda."

TUMESHINDA, ndugu yangu! Hakimu alishampa miezi sita ya kufagia zahanati, na mimi bado namhutubia!

Hakimu akavua miwani. "Mzee wa hotuba, mdhamini asiyesikiliza atamsimamiaje mwenzake? Leteni mwingine mwenye masikio kabla ya saa nane. La sivyo, fundi anarudi rumande."

Hata askari wa mlangoni alicheka. Fundi mwenyewe alicheka pale kizimbani, kisha akaacha, akabaki kuniangalia tu.

Mdomo uliponza kichwa, ila safari hii kichwa si changu.

Saa saba na robo sasa. Wewe husemi, unasikiliza tu, na miaka yote nimekutukana kwa hilo. Funga duka, chukua kitambulisho, njoo. Usinijibu, njoo!