Nafasi ya Mfalme

London, 3 Novemba 1768

Dada Honora,

Salamu nyingi. Hamjambo hapo Limerick? Mguu wa baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka. Mwaka wa kumi na mbili huu nacheza jukwaani Mwairishi mlevi anayeanguka kitini, na Waingereza bado wanacheka.

Krismasi siji. Nafasi ya kucheza mfalme ni ya mzee Pargiter, na desturi ya kundi letu la maigizo unaijua: nafasi ni yako mpaka ufe au uiachie mwenyewe. Mzee anakohoa vibaya. Asiyekuwepo siku atakapokufa, nafasi imemponyoka. Mungu anisamehe, nikimsikia akikohoa nafurahi.

Mdogo wako, Turlough

Limerick, 20 Januari 1769

Mdogo wangu,

Uhali gani? Sisi tupo, tunajikokota. Baba sasa hata maziwa hayampiti kooni. Kila mlango ukigongwa anauliza, “Ni yeye?” Wafalme utawapata wengi, baba unaye mmoja. Acha ukaidi, njoo.

Dada yako, Honora

London, 9 Machi 1769

Dada yangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Pargiter alikufa Alhamisi iliyopita. Jumamosi nikavaa joho lake. Katika mchezo, mfalme analetewa habari kwamba mwanawe ameuawa. Nikafungua kinywa kulia, ukumbi mzima ukaangua kicheko. “Anguka, Paddy! Anguka!” wakaniita kwa jina la yule mlevi wangu. Nilisimama kwa muda, dada. Kisha nikaanguka. Hakuna aliyenisukuma. Walipiga makofi kuliko walivyowahi kumpigia Pargiter.

Kesho yake asubuhi niliiachia nafasi. Nataka kurudi, ila naona haya. Muulize baba kama atanipokea.

Mdogo wako, Turlough

Limerick, 24 Machi 1769

Turlough,

Salamu. Mimi ni mzima.

Baba tulimzika tarehe nne, siku ileile ya joho lako. Tulimkesha siku tatu badala ya mbili, nikiwaambia watu uko njiani. Mbele ya jeneza, pale ambapo mwana ndiye hubeba begani, akaingia Teige fundi viatu. Alikuwa amelewa, lakini hakuyumba hata kidogo.

Unauliza kama utapokewa. Baba angekupokea hata ungekuja unatambaa. Aliyebaki ni mimi, nami nimekukasirikia mpaka usingizi haunijii. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako, Honora